Chomoa Kipanya, Kisha Tafuta Kitabu

Mkutubi anayetaka kujua kama katalogi yake ya mtandaoni inamfaa msomaji asiyeona aanze kwa kuchomoa kipanya. Atafute kitabu na aongeze muda wa kuazima kwa kibodi peke yake: Tab kusogea, Enter kuchagua. Asipojua yuko wapi kwenye ukurasa, ajue msomaji asiyeona, au mwenye mikono inayotetemeka, anaweza kukwama papo hapo.

Kisha asikilize. NVDA, kisoma skrini cha kompyuta za Windows, ni cha bure, na simu nyingi za Android huja na TalkBack. Mara nyingi kisoma skrini hutaja "kitufe" bila kusema ni cha kazi gani, kwa kuwa aliyekitengeneza aliweka picha ya lenzi asiipe jina. Ukurasa wa Kiswahili nao, usipowekewa alama ya "sw" kwenye msimbo wake, husomwa kwa sauti iliyowekwa kwenye kompyuta, aghalabu ya Kiingereza, na maneno yakavurugika kabisa. Maktaba inayotumia Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba, haina haja ya kumsubiri muuzaji. Fundi wake anaweza kuyarekebisha haya mwenyewe.

Kazi nzito iko kwenye skani. Tasnifu na mitihani ya zamani iliyopitishwa kwenye skana na kuhifadhiwa kama PDF ni picha tupu, na kisoma skrini hakipati hata neno moja la kusoma. Ipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi, kisha mtu aisahihishe, hasa majedwali na hesabu. Rundo likiwa kubwa, anza na zile zinazoombwa zaidi. Hakimiliki isiwe kisingizio: Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017 na Tanzania 2020, unalenga hasa kuruhusu nakala za wasioweza kusoma chapa ya kawaida, kwa kufuata masharti ya sheria ya nchi.

Yapo na madogo. Maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, kipimo cha WCAG, miongozo ya ufikivu wa wavuti. Kijivu juu ya cheupe, kipenzi cha wabunifu, mara nyingi hakifiki. Video za mafunzo ziwe na manukuu kwa ajili ya viziwi.

Kwa hifadhidata za kununua, mwombe muuzaji ripoti ya ufikivu kabla ya kusaini, na mlipe msomaji asiyeona azijaribu hifadhidata hizo.