Mdogo wako hakuiba hata yai moja

*Shangazi, mimi na mdogo wangu wa kike tunacheza Minecraft kwenye simu moja. Kila nikirudi bandani mayai ya kuku hayapo. Ya kasa niliyoyaacha ufukweni nimeyakuta yamevunjwa, na kasa niliowaleta hadi nyumbani kwangu wametokomea. Machache niliyookota nimeyarusha yote 16, sikupata kifaranga hata kimoja. Nimemwita mwizi mbele ya mama, mama akakataa kuamua, na simu nimemnyang'anya. Sasa hanisemeshi. Nifanyeje? – Kaka Mkubwa, Tanga*

Mwanangu,

Umehukumu mapema mno. Kuku wa mchezo huo hutaga kila baada ya dakika 5 hadi 10, na jogoo hahitajiki. Hata hayumo mchezoni. Yai likishadondoka chini lina dakika 5 tu za kuokotwa, zikipita linatoweka kama kitu kingine chochote kilichoanguka. Kwa hiyo ukiwa unachimba mgodi jirani na banda, mayai yanatagwa na kupotea bila mtu kugusa mlango. Weka faneli ya chuma chini ya kuku na sanduku chini yake, yatajikusanya yenyewe.

Kuhusu kurusha, kila yai lina nafasi 1 kati ya 8 ya kutoa kifaranga. Kwa mayai 16 ungetarajia viwili hivi, lakini kuambulia patupu hutokea kwa karibu asilimia 12, si muujiza wala si hujuma. Ukitaka uhakika, walishe kuku wawili mbegu. Kifaranga hutokea papo hapo, bila yai. Mambo ya maumbile hapo tusiulizane.

Kasa ndio wenye habari ndefu. Waliingia mchezoni mwaka 2018, na tabia zao zinafanana na za kasa wa kweli. Huku kwetu, kisiwani Juani kule Mafia, kasa jike hupanda ufukweni usiku, akafukia mayai mchangani na kurudi baharini, na majike hurejea kutaga pande zile walikozaliwa. Wako nao ni hivyo hivyo. Ukiwalisha wawili nyasi za baharini, mmoja hubeba mimba na kushika njia ya kurudi ufukwe wake wa asili, hata kama umemhamishia mbali. Huko hufukua mchanga na kutaga mayai 1 hadi 4. Hao wako hawakuibiwa, wamekwenda kwao. Ukiwazungushia uzio nyumbani kwako hawatatoroka, lakini pia hawatataga.

Mayai yenyewe ni dhaifu. Mazombi huyatafuta usiku na kuyakanyaga kwa makusudi, na wewe ukiyarukia au kupita juu yake ovyo yanaweza kupasuka. Yazungushie uzio, weka na mienge, maana zombi huzaliwa gizani. Kisha acha kulala! Yai la kasa hupata ufa mara mbili kabla ya kuanguliwa, na hatua hizo hutokea zaidi mwishoni mwa usiku, jua likikaribia kuchomoza. Wachezaji wengi hujitupa kitandani giza likiingia, usiku ukarukwa, na mayai yakabaki vilevile wiki nzima. Kaa karibu nayo hadi kupambazuke, kwa kuwa ukiwa mbali hayasogei hatua yoyote.

Sasa turudi kwa huyo mtoto. Inawezekana kweli aliyakanyaga mayai akipita ufukweni, kama ambavyo huenda uliyakanyaga wewe. Hilo si wizi. Zaidi ya hapo, katika yote uliyoniandikia sijaona ushahidi wowote dhidi yake. Kila hasara uliyoitaja ina sababu yake ndani ya mchezo wenyewe. Mama yako kukataa kuamua namwelewa, kwani kesi uliyompelekea haikuwa na shahidi.

Ulimtuhumu mbele ya mama, basi mwombe radhi mbele ya mama, leo, wala usingoje akusemeshe kwanza. Mrudishie zamu yake ya simu na ufidie zile alizokosa. Na usiku wa kulinda mayai mpe yeye simu, wewe ukae pembeni utazame.