Utando wa Ombwe: Jinsi ya Kuuchagua kwa Kazi ya Faiba

Pakiti ya kahawa iliyosagwa na kuondolewa hewa huwa ngumu kama tofali. Ikitobolewa kwa sindano, hewa huingia ndani na pakiti hulegea papo hapo. Kahawa ni ile ile na mfuko ni ule ule. Kilichotoweka ni tofauti baina ya kanieneo ya hewa iliyo nje na ile iliyokuwa ndani.

Kanuni hiyo hutumiwa na mafundi wanaounda mashua, mabawa ya ndege zisizo na injini na mapanga ya mitambo ya upepo kwa faiba. Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa rezini, yaani plastiki ya majimaji ambayo hugeuka kuwa ngumu ikichanganywa na kemikali ya kuigandisha. Nyuzi ndizo zenye nguvu. Rezini ikizidi, kazi huwa nzito bila faida. Na viputo vya hewa vikisalia ndani, nyufa huanzia hapo. Tena rezini ikishaganda haiyeyuki upya. Kosa lililofanywa katika saa ya kwanza haliwezi kurekebishwa katika saa ya tatu.

Nini kinachokandamiza?

Tabaka za nyuzi zilizoloweshwa rezini hulazwa juu ya kalibu. Juu yake huwekwa kitambaa cha kubanduliwa baadaye, kisha kitambaa kinene kinachoipa hewa njia ya kutokea. Mwisho hutandazwa utando wa plastiki, na kingo zake huzibwa kwa utepe laini unaonata. Pampu huondoa hewa iliyo chini ya utando.

Wengi hudhani kwamba utando ndio unaokandamiza. Sivyo. Hewa ya nje ndiyo inayokandamiza. Utando ni ukuta tu wa kuizuia isiingie. Karibu na usawa wa bahari kanieneo ya hewa ni kilopaskali 101 hivi. Tuseme pampu imebakiza kilopaskali 10 chini ya utando. Tofauti ni kilopaskali 91. Juu ya bapa lenye eneo la meta za mraba 0.5, kani ni 91 × 0.5 = kilonyutoni 45.5, sawa na uzito wa tani 4.6 hivi.

Mjini Nairobi, ulio juu ya bahari kwa meta 1,700 hivi, kanieneo ya hewa ni karibu kilopaskali 83. Pampu ikibakiza kilopaskali 10 zile zile, kani juu ya bapa hilo ni kilonyutoni 36.5 tu. Hakuna utando wowote, hata wa bei kubwa, uwezao kurudisha upungufu huo.

Kuchagua utando

Ikiwa kazi ya utando ni kuzuia hewa, basi swali la fundi ni moja: je, utando huu utaendelea kuizuia mpaka rezini igande? Mambo matatu huamua jibu.

La kwanza ni joto. Rezini hutoa joto inapoganda, hasa penye unene mkubwa, na kazi nyingine hupikwa katika tanuri. Polithini ya kawaida ni rahisi kupatikana, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi za Selsiasi na hulegea kabla ya hapo. Hufaa kwa kazi nyembamba inayogandia katika joto la chumba. Kwa kazi ya tanuri hutumiwa utando wa nailoni. Kwa joto la nyuzi 300 na zaidi, utando wa poliimidi, ambao ni ghali, ndio uwezao kustahimili.

La pili ni kemikali. Rezini ya poliesta huwa na stireni, ambayo hulainisha na kuvimbisha plastiki ya PVC. Kwa hiyo karatasi ya plastiki ya kitambaa cha meza, hata ikiwa nzito kiasi gani, haifai kwa rezini hiyo.

La tatu ni wepesi wa kunyumbuka. Nailoni hufyonza unyevu wa hewa, na unyevu huo ndio unaoifanya iwe laini. Ikikauka sana hukakamaa na kupasuka inapokunjwa. Yafaa bunda lake lifungwe vizuri katika mfuko mpaka siku ya kazi.

Hatari ya pembe

Utando bora huweza kuharibu kazi ukikatwa mfupi. Chukua kalibu yenye umbo la mfereji, upana wake sentimeta 40 na kila ukuta sentimeta 20 kwenda chini. Utando uliokatwa kwa kupima juu kwa juu ni sentimeta 40. Lakini njia ya kushuka, kuvuka na kupanda ni sentimeta 80. Utando mfupi hukaza kama daraja juu ya pembe. Hapo kani ya hewa huchukuliwa na mkazo wa utando wala haifiki kwenye nyuzi. Rezini hujikusanya chini ya daraja hilo, na pembe hubaki dhaifu. Kwa hiyo hupimwa kwa uzi unaofuata uso wa kalibu, kisha huachwa ziada ya kutosha kutia mikunjo penye pembe.

Kabla ya kuchanganya rezini, fundi mwangalifu hufanya jaribio kavu. Huondoa hewa, hufunga vali na kutazama geji kwa dakika 10. Mshale ukirudi, pana tundu. Husikilizwa kwa sikio, hasa kwenye mikunjo na pembe.

Maswali ya kujipima

1. Bapa lina meta za mraba 2, na tofauti ya kanieneo ni kilopaskali 80. Kani ni kiasi gani?
2. Kwa nini utando mnene hauongezi kani inayokandamiza kazi?
3. Geji inaonyesha ombwe zuri, lakini pembe ya kazi imejaa rezini. Eleza sababu.

Jibu la swali la kwanza: kilonyutoni 160.