Somo la Mwezi: Maziwa Hayangoji



Mahindi unaweza kuyaweka ghalani ukingoja bei ipande. Maziwa hayangoji. Yakishakamuliwa, baada ya saa chache yameharibika, na mnunuzi anajua hivyo. Ndiyo maana mkulima akisimama peke yake barabarani na mtungi wake, bei inasemwa na mwingine. Hebu tuone wakulima wa mahali pawili walivyotoka katika shida hii.

Wa kwanza ni wa wilaya ya Kaira, India, katika jimbo la leo la Gujarat. Wengi walikuwa na nyati wa kufugwa mmoja au wawili tu. Kampuni moja ndiyo iliyopewa nafasi ya kupeleka maziwa yao mji wa Bombay, na madalali wakala katikati. Wakulima wakaenda kwa kiongozi wao, Sardar Vallabhbhai Patel, kuomba shauri. Akawaambia waunde chama chao wauze wenyewe. Mwaka 1946 waligoma siku 15, hawakumuuzia mnunuzi hata tone. Desemba ya mwaka huo wakaandikisha chama, wakianza na vijiji viwili na lita 250 hivi kwa siku. Kiwanda chao kikubwa cha maziwa ya unga kilifunguliwa mwaka 1955, ili maziwa yakizidi yasimwagwe. Bidhaa zao zinaitwa Amul. Kuanzia 1970 mfano wao ulienezwa India nzima, na leo nchi hiyo ndiyo ya kwanza duniani kwa maziwa.

Siri yao ni nini? Asubuhi na jioni kila mmoja hupeleka maziwa kituo cha kijijini. Hupimwa wingi, hupimwa na mafuta, naye hulipwa kwa hayo mawili. Mwenye mnyama mmoja ana kura moja, sawa na mwenye kumi. Chama nacho huleta daktari wa mifugo na chakula cha mifugo. Hivyo pesa hurudi zizini, na mnyama huyohuyo akatoa zaidi.

Wa pili ni wa hapa kwetu: Githunguri, Kiambu. Walianza mwaka 1961 wakiwa wakulima 31. Miaka ya 1990 KCC ilipolemewa, wakulima wengi wa Kenya walingoja malipo bila kuyaona. Githunguri hawakuvunja chama. Mwaka 2004 walianza kusindika maziwa katika kiwanda chao wenyewe, na leo pakiti za Fresha ziko madukani.

Angalieni miaka hiyo. India ilichukua miaka 9, Githunguri miaka 43. Hakuna aliyeanza na kiwanda kikubwa. Kilichotangulia ni kipimo cha haki, daftari lililo wazi na malipo kwa wakati. Kikundi kinachonunua mtambo kabla ya kuaminiana kitabaki na mtambo na deni. Na chama ambacho daftari lake linafunguliwa na karani peke yake, hicho kimeshapata dalali mwingine, tena wa ndani.

Maswali ya kujadiliana:

1. Katika kijiji chetu, ni nani anayepanga bei ya maziwa? Kwa nini?

2. Je, kila mwanachama anaona maziwa yake yakipimwa na kuandikwa?

3. Mara ya mwisho daftari letu kusomwa mbele ya wote ilikuwa lini?

Msimalize mkutano kabla ya kujibu la tatu.