Somo la Mkaazi: Jua Historia ya Pikipiki Kabla ya Kutoa Pesa

Mkaazi wa Mowlem, chukua mfano huu. Kijana ameweka akiba miaka miwili ili aingie kazi ya bodaboda. Anaonyeshwa pikipiki iliyotumika: rangi inang'aa, bei ni nafuu, muuzaji ana haraka. Analipa, anapewa funguo na nakala ya logibuku. Mwezi haujaisha, kampuni ya mikopo inaichukua pikipiki stejini kwa sababu mwenye kuiuza hakumaliza deni. Akiba imekwenda, na kazi imekwenda nayo.

Pikipiki ina historia ya aina mbili: iliyoandikwa na iliyo kwenye chuma. Ukizikagua zote mbili kabla ya kulipa, utajua kama zinakubaliana.

Hatua ya kwanza: rekodi. Keti na muuzaji mfungue huduma za NTSA kupitia eCitizen, kisha muombe nakala ya rekodi ya pikipiki. Asiye na intaneti anaweza kusaidiwa Huduma Centre ya Makadara. Linganisha jina la mmiliki na kitambulisho cha muuzaji. Dai logibuku halisi, si nakala. Jina la benki au kampuni ya mikopo likiwepo, usilipe mpaka liondolewe rasmi.

Hatua ya pili: nambari. Nambari ya fremu hupigwa kwenye chuma cha shingo, karibu na usukani. Ya injini iko kwenye kasha la injini. Zisome mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, ukilinganisha na rekodi. Nambari ya fremu yenye tarakimu na herufi 17 haitumii I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Ukiona chuma kimesagwa, kimechomelewa au kimepakwa rangi nzito mahali pa nambari, ondoka. Huenda ni pikipiki ya wizi, na polisi wakiikamata ni wewe utakayeulizwa.

Hatua ya tatu: ukaguzi. Muuzaji akiwa na cheti cha ukaguzi, tazama tarehe na uhakikishe nambari zake ni za pikipiki hiyo. Kumbuka cheti hueleza hali ya siku ile tu. Kwa hivyo, awe nacho au asiwe nacho, nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Mfike injini ikiwa baridi. Moshi wa buluu ukiendelea kutoka ni dalili kwamba injini inakula oili. Inueni gurudumu la mbele na mgeuze usukani polepole: ukikwama katikati, bearingi za shingo zimechakaa. Tafuteni alama za kuchomelewa kwenye fremu. Mita ikisema kilomita chache huku mipira ya kukanyagia imelika, mita hiyo si ya kuaminiwa.

Hatua ya nne: umiliki. Andikianeni mkataba wenye nambari za vitambulisho, tarehe na saa ya kukabidhiana. Muuzaji aanzishe uhamisho kwenye akaunti yake, nawe uukubali kwenye yako. Sheria ya Trafiki hairuhusu pikipiki iliyouzwa kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla mmiliki mpya hajasajiliwa. Hili linamlinda muuzaji pia: aliyesajiliwa ndiye huhesabiwa kuwa mwenyewe, hadi ithibitishwe vinginevyo.

Muuzaji akikuambia, "Lipa sasa, kuna mwingine anakuja," mwache huyo mwingine aichukue. Mwenye pikipiki safi hakatai ikaguliwe.

Maswali ya kujadili stejini:
1. Kwa nini nakala ya logibuku haitoshi?
2. Kwa nini mkataba uonyeshe saa ya kukabidhiana?
3. Ni nani katika kundi lenu amenunua pikipiki na bado haijahamishwa kwa jina lake? Mkumbusheni leo.