Kompyuta ya Jumuiya Ilipogoma Kuwaka



Wiki mbili kabla ya Ramadhani, kompyuta ya ofisi ya jumuiya iligoma kuwaka. Skrini nyeusi, maandishi meupe, na karibu na mwisho: Kernel panic, kisha unknown-block(0,0). Ndani yake mlikuwa na daftari la mfuko wetu wa karo, nani amechangia na nani anadaiwa. Nakala nyingine hatukuwa nayo. Ndugu mmoja alikwisha chomeka flashi ya Ubuntu ili afute kila kitu na kusakinisha upya. Nilimwomba saa moja. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Sisi tulikuwa mbioni kuyafuta.

Kwanza tuelewe ujumbe ule. Kompyuta ikiwashwa, GRUB hupakia mafaili mawili kutoka /boot: keneli yenyewe (vmlinuz) na ramudiski ya mwanzo (initrd.img). Keneli inahitaji dereva ili isome diski, lakini dereva huyo mara nyingi amehifadhiwa ndani ya diski hiyo hiyo. Ni kama mtu aliyefungia ufunguo ndani ya nyumba. Ramudiski ni ufunguo wa akiba ulioachwa kwa jirani: mfumo mdogo unaokaa kwenye kumbukumbu ya muda, unapakia madereva, unatafuta diski kwa namba yake ya UUID, kisha unaikabidhi kazi kwa mfumo kamili. Sufuri mbili zile zilimaanisha keneli haikuweza kuitambua diski yenye mfumo.

Nikauliza nani aligusa /boot. Kumbe sehemu hiyo ilijaa wakati wa kusasisha, na mwenzetu akafuta kwa rm mafaili makubwa aliyoyaona. Yalikuwa initrd zote! Ndiyo maana hata keneli za zamani kwenye menyu ya GRUB, ambazo kwa kawaida ndizo kimbilio la kwanza, ziligoma. (Nafasi ikijaa, tumia apt autoremove --purge; yenyewe inajua kipi hakihitajiki.)

Flashi ile ile ya kufutia ndiyo iliyotuokoa. Tuliwasha kutoka humo kwa chaguo la kujaribu bila kusakinisha, tukafungua terminali na kuunganisha diski:

sudo mount /dev/sda2 /mnt

Daftari lilikuwepo. Tulilinakili kwanza, kabla ya kugusa kingine chochote. Kisha:

sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot
sudo mount --bind /dev /mnt/dev
sudo mount --bind /proc /mnt/proc
sudo mount --bind /sys /mnt/sys
sudo chroot /mnt
update-initramfs -c -k all
update-grub

Majina ya sehemu za diski yako yatazame kwa lsblk, usinakili yangu. Na ule mstari wa /mnt/boot usiuruke. Mimi niliuruka mara ya kwanza: ramudiski ikaundwa kwenye folda tupu, nikawasha upya, nikakuta skrini ile ile mbele ya ndugu aliyekuwa akihesabu dakika zangu. Kabla ya kutoka, ls -lh /boot ikuonyeshe initrd kwa kila keneli. Wenye Fedora watumie dracut --regenerate-all --force, wa Arch mkinitcpio -P.

Ukikuta alama ya (initramfs) ikisubiri amri, huo ni ugonjwa mwingine. Ramudiski ipo, ila haikupata diski au imekuta mfumo wa mafaili umeharibika. Linganisha UUID iliyo kwenye cat /proc/cmdline na inayotolewa na blkid. Zikilingana, endesha fsck kwenye sehemu hiyo. Kama blkid haionyeshi diski kabisa, kagua waya wake.

Yetu iliwaka mara ya pili, adhana ya Magharibi ikiadhiniwa. Daftari sasa liko kwenye flashi mbili: moja anayo mweka hazina, nyingine amira wa akina dada.