MBWA WA LUPANGO: MINYOO, KUPE NA MSHINDO WA BARUTI

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mabibi mnaobaki nyumbani, leo tunasema juu ya mbwa. Mtu atauliza: mbwa ana neno gani na ukurasa wa usalama? Ana neno. Analala pale watoto wanapochezea, na siku anaposhikwa na woga anaweza kumuuma hata mtoto wa nyumba.

Tuanze na minyoo. Mtoto wa mbwa mara nyingi anazaliwa nayo tayari, maana inapita toka tumbo la mama, tena katika maziwa. Basi musingoje mpaka tumbo lake livimbe kama ngoma. Apewe dawa akiwa na majuma 2, kisha kila majuma 2 mpaka afikie miezi 3. Kipimo kinafuata uzito wake. Munganga wa nyama ndiye atakayekisema.

Mavi ya mbwa yaokotwe kila siku na kuzikwa mbali na bustani ya mboga. Sababu gani kila siku? Mayai ya minyoo ile hayaambukizi siku hiyo hiyo. Sherti yakae kwanza katika udongo majuma 2 au zaidi. Anayeokota leo amewahi. Anayengoja mavi yakauke na kupotea, mayai yanamubakia katika lupango kwa miezi mingi, na mtoto anayetia vidole vichafu kinywani anayameza. Vijidudu vyake vinaweza kufika hata ndani ya jicho. Minyoo ya namna nyingine inaingia kwa ngozi ya miguu, kwa hiyo watoto wavae viatu.

Kupe wanatafutwa masikioni, chini ya shingo na katikati ya vidole, kila jioni wakati wa mvua. Mushike kupe karibu kabisa na ngozi, umuvute polepole bila kumupinda. Usimuchome kwa sigara. Na hapa tuseme wazi: wako watu wanaochukua mafuta ya moteri yaliyotumika na kumupaka mbwa. Hayo si dawa. Mbwa anajilamba, sumu inashuka tumboni, na ngozi inaharibika. Dawa ya kuua wadudu wa shamba, vile vile hapana. Kupe analeta ugonjwa wa damu: mbwa anakataa chakula, ufizi unakuwa mweupe, mkojo unakuwa mweusi-mweusi. Ukiona hivyo usingoje siku ya mshahara.

Sasa mshindo. Kwenye mashimo yetu ya Katanga sirene inalia, kisha baruti inapasua mawe. Wewe unajua sababu. Mbwa hajui, na masikio yake yanasikia hata sauti ambazo mtu hasikii. Toka Novemba mpaka Aprili radi inaongezeka juu yake. Mbwa anatetemeka, anachimba chini ya ua, au, kama amefungwa kwa kamba fupi, anajinyonga. Wengine wanamupiga. Basi anafahamu kwamba mshindo na fimbo vinakuja pamoja, na mara ya pili anaogopa zaidi.

Kama saa ya baruti inajulikana, muingize ndani mbele ya saa hiyo, mufunge mlango, redio iseme, mumupe mfupa. Akijificha chini ya kitanda, mumuache, asivutwe. Mtoto asimukumbatie wakati huo. Mbwa mdogo anaweza kuzoezwa: wakati anakula, mtu apige kifuniko cha sufuria mbali na kidogo, kesho karibu kidogo. Akiacha kula mumeharakisha, rudini nyuma.

Mbwa aliyekimbia kwa woga na kurudi kisha siku mbili, nani anajua alipigana na mbwa gani? Ndiyo sababu ya shindano la kichaa cha mbwa, toka miezi 3, na kulirudia kama munganga anavyoandika. Akiuma mtu, hata kidonda kiwe kidogo, hata mbwa awe wako, kioshwe kwa sabuni na maji yanayopita dakika 15, kisha lopitali siku ile ile. Ugonjwa huu ukisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Karatasi ya shindano la mbwa iwekwe pamoja na karatasi za watoto za lopitali, pahali bibi anapopajua wakati wewe uko kazini usiku.