Utelezi wa kambale usikukimbize



Wiki hii nina barua ya mdogo wangu aliyeolewa Ifakara, ana miezi minne ndani ya ndoa. Kwao ni pwani, amekulia changu na vibua. Kambale alikuwa akimwona sokoni, akampita. Jumamosi moja mume kaingia na kambale wawili hai ndani ya ndoo, kawaacha jikoni, kaenda zake. Bibi harusi wetu alihangaika nao mpaka akawakata, akawatia sufuriani na utelezi wao. Mchuzi ukavutika kama mlenda na harufu ya tope ikajaa nyumba. Mama mkwe akala tonge moja, akanawa mikono, akasema ameshiba. Mdogo wangu anauliza: amwambie mume kwamba kambale hamwezi, au ajifunze?

Jifunze, mwanangu. Umeolewa kwenye bonde la Mto Kilombero, na huko kambale ni kitoweo cha watu tangu enzi za mababu. Ukimkataa, kila mvua zikifurika utakuwa unakataa chakula cha nyumba uliyoingia. Tena kosa halikuwa la samaki. Kosa lilikuwa kwenye usafishaji, na huo nitakueleza taratibu, maana ndio kazi yote ya kambale.

Kwanza umjue. Kambale hana magamba. Ngozi yake inalindwa na ule utelezi. Nyuma ya matamvua ana kiungo cha pili cha kupumulia, kimejitawanya kama vijitawi vyekundu vya mti, na kwa hicho huvuta hewa ya juu kama wewe na mimi. Ndiyo maana anaishi kwenye dimbwi linalokauka, na usiku wa mvua anaweza kujikokota kwenye nyasi mbichi kutoka bwawa moja hadi jingine. Ndiyo maana pia muuzaji anaweza kukaa naye kwenye beseni lenye maji kidogo saa nyingi akiwa bado hai. Basi usikubali kuuziwa kambale aliyekufa na kushinda juani. Samaki anayeweza kukufikia akiwa mzima, ya nini kumnunua ameshalegea na jicho limezama?

Ukifika naye nyumbani, na kama una nafasi, muweke kwenye ndoo ya maji safi, umfunike vizuri maana huruka, umbadilishie maji asubuhi na jioni kwa siku mbili bila kumpa chakula. Harufu ya tope haitoki kwenye nyama yenyewe. Inatengenezwa na vijidudu vya majini, samaki akaivuta kwa matamvua na ngozi, ikajificha kwenye mafuta yake. Maji safi huipunguza. Wa bwawa la kufuga huhitaji zaidi uangalifu huu kuliko wa mto unaotiririka.

Siku ya kupika, usipigane naye akiwa hai. Mpige kichwani kwa mchi, pigo moja la uhakika, asiteseke. Mapezi mawili ya kifuani yana mwiba mgumu kila upande. Huo ndio unaowachoma watu mikono. Mshike kwa kitambaa, ukate miiba hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji mengi, na kidonda kikivimba nenda zahanati.

Sasa utelezi. Mpake chumvi ya kutosha mwili mzima, kiganja kizima, sugua kwa nguvu mpaka utelezi ugeuke povu la kijivu, suuza, rudia. Wako wanaotumia majivu ya kuni, nayo yanafanya kazi vizuri sana. Njia nyingine ni kumchovya kwenye maji ya moto ambayo hayajatokota, sekunde chache tu. Utelezi unaganda mweupe, unaukwangua kwa kisu. Akikaa humo muda mrefu ngozi itapasuka na nyama itaanza kuiva, kwa hiyo simama hapohapo. Mpasue tumbo bila kutoboa nyongo. Toa matamvua pamoja na vile vijitawi nilivyokutajia, kwa sababu tope hubaki humo. Halafu ndani, kwenye uti wa mgongo, kuna mstari wa damu nyeusi. Ukwangue kwa ncha ya kisu mpaka uishe. Wengi huuacha, kisha wanamlaumu kambale. Mafuta ya njano ya tumboni nayo yapunguze kama samaki ananuka tope. Mwisho mkamulie ndimu tatu au nne, chumvi kidogo, tangawizi na kitunguu saumu, umwache nusu saa. Ile ndimu si ya ladha peke yake. Ukali wake unaivunja harufu yenyewe.

Kupika baada ya hapo ni rahisi. Mimi humkata vipande vinene, nikamkausha kwa kitambaa na kumkaanga kidogo tu ashikamane, kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa, na mfuniko karibu maana huruka cheche. Pembeni kitunguu, nyanya, bizari, pilipili mbuzi nzima bila kuipasua. Tui la pili linaingia kwanza, vipande vinafuata, kisha ukwaju kidogo. Usikoroge. Tikisa sufuria kwa masikio yake, la sivyo utapata uji wa samaki. Tui la kwanza mwisho, moto mdogo, mpaka nyama iachie mfupa yenyewe. Wali wa mchele wa huko kwenu Kilombero utakuwa umeiva.

Kambale wa moshi ni hadithi nyingine. Mnunue mkavu kwelikweli, asiye na ukungu wala vumbi la wadudu, hata kama muuzaji anasema unafutika. Muoshe kwa maji ya vuguvugu, mloweke, mchemshe umwage maji ya kwanza, kisha ndiyo umtie kwenye nazi, kwenye karanga, au kwenye kisamvu. Ndugu zetu wa Kongo wanajua sana habari hii ya kisamvu na samaki wa moshi. Sombe yao ukiila utanielewa. Mjamzito asimtafune mkavu hivihivi kutoka kwenye kichanja. Samaki huyo apikwe tena mpaka achemke.

Kinachoniuma ni mama kumnyima mtoto kambale kwa sababu anaitwa samaki wa matope. Nyama yake imejaa protini, ina vitamini B12, ina mafuta ya omega-3. Na hana ile miiba midogo kama nyuzi inayotutia hofu kwa ningu. Kwa mtoto anayeanza kula, mchambulie vizuri kwa vidole vyako, umpondee na ugali laini na mchuzi usio na pilipili.

Lakini mgeni usimlazimishe. Wasabato hawali samaki asiye na magamba, wanafuata Walawi sura ya 11. Washia wengi nao hawamli, na ziko koo zenye mwiko wake. Ukijua una mgeni wa namna hiyo, mkaangie perege, kwenye kikaango kisafi na mafuta mapya, na usimwambie "onja tu kidogo." Hilo ni jambo la imani ya mtu.

Na wewe wa Ifakara, kabla hujamnunua kambale mwingine, nenda kwa mama mkwe. Mwambie, "Mama, nisamehe kwa siku ile, kwetu hatukumpika. Naomba unifundishe." Mengi niliyoandika hapa atayajua, na mengine atayafanya tofauti, fuata yake, jiko ni lake kabla halijawa lako. Kichwa usikitupe, kina nyama ya mashavuni iliyo tamu kuliko mkia. Muulize tu, nyumbani kwao kichwa huwa cha nani. Halafu niandikie, uniambie kama safari hii lile tonge la kwanza lilifuatiwa na la pili.